Aliyenijibu Kwenye Redio

Jumanne, Kitengela

Bado nimemkasirikia Mutiso, dereva wa treni yetu, na sijui kama ni haki.

Sheria yetu ni moja: siingii katikati ya mabehewa kuyaunganisha mpaka dereva arudie maneno yangu kwenye redio. Leo saa saba mchana, stesheni ya Kajiado, nilisema, "Dereva, naingia katikati." Nikajibiwa, "Unaingia katikati. Breki imefungwa, sisogei." Sauti ilikuwa nzito kidogo. Nikafikiri ana homa. Nikainama, nikaunganisha mpira wa hewa ya breki, nikatoka.

Kwenye injini hakukuwa na mtu. Mutiso alikuwa anarudi kutoka kibanda cha chai, redio mkononi.

"Hii kitu imezima tangu saa sita," akasema. "Nilikuwa nakuja kukuambia usianze."

"Si umenijibu sasa hivi?"

"Nikujibu na nini?" Akafungua mgongo wa redio. Betri haikuwepo. Alikuwa ameiacha kwa chaji huko kibandani.

Nikamuuliza kama alifunga breki kabla ya kushuka. Alipanda injini mbio, nikasikia hewa ikifoka akifunga breki.

Pale kuna mteremko. Nilikuwa katikati karibu dakika tano, na hakuna behewa lililosogea hata inchi moja.

Mume wangu sijamwambia. Ataniambia niache kazi.

Kesho nitasema tena, "Naingia katikati," na nitajibiwa. Lakini kwanza nataka kumwona Mutiso dirishani, nione midomo yake ikisema.