Mkufunzi wa Kayamba

Chuo cha Ualimu,
Kisauni,
20 Desemba 1963

Kwako Kaka Gona,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji Kadzo. Natumai uhuru umewakuta wazima huko Changamwe, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Nami sijambo, ingawa sijambo yangu ni ya mdomoni tu.

Wiki jana, katika sherehe za bendera, wanafunzi walipiga kayamba mbele ya wageni. Mkuu mpya, Mwafrika mwenzetu, akanisimamisha, akasema mimi ndiye niliyeutoa muziki wetu vichochoroni nikauingiza darasani. Watu wakanipigia makofi. Nimepewa idara nzima. Pilau ilipoletwa, nilimsogezea jirani sahani yangu.

Unakumbuka nilivyokufuata mwaka wa hamsini na tisa? Nilikwambia nimechoka kuwafundisha Wagiriama, Wadigo na Waduruma nyimbo za theluji wasiyoiona. Nilimwandama mkuu Mzungu muhula mzima hadi akakubali uje kuwafundisha kayamba mara mbili kwa wiki. Nikajigamba kila mahali kwamba hata asiyejua herufi ana haki ya kufundisha chuoni.

Haki hiyo nilikupa kwa maneno tu. Siku moja niliandika mapigo ya wimbo wa mavuno ubaoni, ukaniomba niyasome kwa makofi. Ukasikiliza, ukasema kwa upole kwamba wimbo nimeuanzia pale mnapoumalizia. Darasa likacheka. Nami nikacheka, lakini nilikasirika hata usingizi ukanipaa. Halafu Jael, yule mwanafunzi mwenye mkono uliopooza. Miaka miwili nilikuwa nimempa kazi ya kufunua kurasa za nota kwenye kinanda, na kujiona mwema. Wewe ulimfunga njuga miguuni siku ya kwanza, akawa ndiye anayewaongoza wenzake. Tangu hapo mwanafunzi mwenye swali hakuja kwangu, alikusubiri wewe.

Kisha ikaja ile barua ya kukuachisha kazi. Ulisema Mzungu ni Mzungu tu, nikaitikia. Nilikusindikiza hadi kituo cha basi nikimlaani njia nzima. Ukaenda kubiringisha mapipa ya mafuta, na hadi leo nasikia unanisifu kwa watu kwamba nilikupigania.

Kaka, Mzungu hakukufukuza. Alitaka kukuajiri moja kwa moja. Mimi ndiye niliyemwambia, "Gona ni mlevi, anaingia darasani akinuka mnazi." Wewe usiyeonja hata ule wa matangani! Barua niliipiga chapa mwenyewe, yeye akatia sahihi huku akisikitika. Ulikuwa wivu, na sina jina jingine la kuupa.

Jumatatu nitamweleza mkuu mpya. Najijua nilivyo mwoga, ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, nisipate pa kurudi nyuma. Siombi msamaha. Ningeuomba, ungenipa, nami ningelala vizuri.

Wasalimie majirani. Shemeji sithubutu kumsalimia mara ya pili.

Najua anayekusomea haya ni binti yako Kahaso, mwanafunzi wangu, aliye hapo nyumbani kwa likizo. Ananiita baba mdogo. Ningeweza kumtafuta msomaji mwingine, sikumtafuta. Kahaso mwanangu, kama umeruka mstari wowote ili kunisitiri, rudi nyuma umsomee baba yako.

Ni mimi,
Nguma