Oda ya Mama Tabitha

Jumatatu, 10 Septemba 2007
Njoro tena. Mvua tangu asubuhi, matope mpaka kwa magoti. Boma sita, hakuna aliyenunua. Brosha zimelowa zote.

Mwezi wa tano wa mafunzo. Chuo kinataka mwaka mzima kazini kabla turudi darasani, nami nikaangukia duka la mashine za kukamulia ng'ombe hapa Nakuru. Mashine yenyewe naijua. Naifungua na kuifunga bila kuangalia. Kuuza ndio bado.

Desmond, meneja wa mauzo, hakutoka ofisini. Ati ana homa. Alinipigia mara tatu kuuliza niko wapi.

Nilimalizia kwa Mama Tabitha, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Ziara ya nane. Alinipa kigoda na ndoo, akasema hasikilizi mtu wa mashine ambaye hajawahi kukama kwa mkono. Nikakama. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Vidole bado vinauma, hata hii kalamu naishika kwa shida.

Ijumaa, 28 Septemba 2007
Wamekubali. Mashine kumi na mbili, kila boma yake. Ziara kumi na moja na miguu yangu miwili.

Mzee Sohan, mwenye duka, alitwambia tangu Mei: mwanafunzi akileta oda ya kikundi kizima, kazi ya kudumu inamngoja akimaliza chuo. Nimempigia mama nyumbani. Alilia kidogo, halafu kredo ya simu ikaisha.

Desmond anasema fomu ya oda lazima ipitie kwake. Sawa. Nimempa, bado haijawekwa sahihi.

Jumatano, 3 Oktoba 2007
Ameiba oda.

Jumatatu alichukua pikapu akaenda Njoro peke yake. Akawaambia akina mama kwamba mimi ni mgonjwa. Wakaweka sahihi. Kwenye nafasi ya muuzaji akaandika jina lake. Leo kwenye mkutano Mzee Sohan amempigia makofi, na sisi wengine tukapiga. Hata mimi. Mikono ilipiga yenyewe.

Halafu Desmond akaninyooshea kidole, akasema mbele ya wote, "Naliaka pia alisaidia. Alinibebea brosha."

Wakacheka.

Alhamisi, 4 Oktoba 2007
Nilienda kwa Mzee Sohan. Nilimweleza yote, tangu ziara ya kwanza. Alisikiliza vizuri, akaniagizia chai. Kisha akaitoa fomu kwenye faili na kuniwekea mezani. "Beti," akasema, hivyo ndivyo anavyowaita wasichana wote wa duka, "nionyeshe jina lako hapa."

Halipo.

Desmond amejua nilikwenda. Jioni ameandika kwenye daftari langu la mafunzo, ile sehemu ya msimamizi: Hana bidii. Anahitaji kusukumwa. Mhadhiri wangu ataisoma hiyo.

Namchukia. Naandika tena ili nilione neno lenyewe. Namchukia.

Jumamosi, 20 Oktoba 2007
Desmond ametupeleka wote Kikopey, kule kwenye nyama choma, kusherehekea oda. Oda yangu. Mbuzi mzima kwenye sinia, ugali, kachumbari. Alinituma nikaite mtu wa kuleta maji ya kunawa. Nikaita. Alinituma chumvi. Nikaleta.

Akiwa ameshiba aliwaeleza wenzangu jinsi alivyowapata akina mama wa Njoro. Alisema siri ni kukaa nao, kukama nao. Akaonyesha kwa mikono jinsi ya kushika chuchu. Alishika vibaya. Huyu mtu hajawahi kugusa ng'ombe.

Sikula. Nilimwangalia tu akila. Nikajiambia lazima nimwone akidharauliwa mbele ya watu, kama mimi.

Jumanne, 6 Novemba 2007
Mzee Sohan anataka siku ya maonyesho kwa Mama Tabitha kabla mashine zipelekwe. Wakulima wa upande ule wote wameitwa. Desmond ataonyesha mwenyewe, mashine ya duka, ng'ombe wa Mama Tabitha. Mimi nitaisafisha tu na kuipakia.

Nimefurahi siku nzima. Mwenzangu ameniuliza kama nimepata mchumba.

Ijumaa, 23 Novemba 2007
Nimefanya.

Kuna skrubu ndogo inayoongoza mvuto wa mashine. Ikiwa sawa, mashine huvuta na kuachilia, kama ndama anavyonyonya. Ukiikaza inavuta bila kuachilia. Anayeijua mashine hujaribu kwanza kwa kidole gumba ndani ya kikombe, anasikia mara moja. Desmond hatajaribu. Hajui kama kuna kujaribu.

Niliikaza saa nane mchana, duka likiwa wazi, watu wakipita. Ng'ombe atakataa, maziwa hayatatoka, watu watamcheka. Basi. Hicho tu ndicho ninachotaka.

Jumamosi, 24 Novemba 2007
Niandike kama ilivyokuwa.

Watu wengi, labda mia. Mzee Sohan kwenye kiti mbele. Desmond na koti jeupe jipya. Alihutubia kwanza. Kisha akavika chuchu vikombe, bila kujaribu kwa kidole, nilijua tu. Akawasha.

Ng'ombe alikaza mgongo. Akarusha teke. Desmond akaruka nyuma akaanguka kwenye samadi na koti lake. Watu wakacheka. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, hilo lazima niliandike.

Mashine ilikuwa bado inavuta. Ng'ombe alianza kujipigapiga kwenye mbao. Mama Tabitha akaingia kumtuliza, akimwita kwa jina, akishika kamba. Ng'ombe akageuka akambana kwenye nguzo. Mkono wa kulia. Nilisikia ukivunjika. Mimi ndiye niliyezima mashine.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, akauweka ule mkono mapajani kama mtoto aliyelala.

Jumatatu, 26 Novemba 2007
Desmond amefutwa kazi. Mzee Sohan alimwita mjinga mbele yetu wote. Desmond alijitetea kwamba mashine ilikuwa mbovu. Mzee akamuuliza kama aliijaribu. Akabeba vitu vyake kwa mfuko wa plastiki akatoka bila kuaga.

Saa tano nikaitwa mimi. Nimepewa wateja wote wa Njoro. Na ile kazi, nikimaliza chuo. Mzee akasema alikosea kutonisikiliza mwezi wa kumi.

Yote niliyoyataka. Moja baada ya lingine.

Kwa Desmond sina huruma hata kidogo. Nimejichunguza, sina. Ni ule mkono.

Jumatano, 19 Desemba 2007
Nimemtembelea Mama Tabitha. Plasta mpaka juu ya kiwiko. Daktari anasema mfupa uliungwa vibaya, huenda vidole viwili visirudi. Ng'ombe wanakamwa na majirani kwa zamu, wakipata nafasi. Mmoja ameanza kuugua kiwele kwa kuachwa na maziwa.

Amenishukuru kwa kuja. Alisema hakumwamini yule Desmond hata siku moja. Aliweka sahihi kwa sababu yangu tu, alidhani tuko pamoja. Kisha akasema, "Ungeishika wewe ile mashine siku ile, mimi ningekuwa mzima."

Nikanywa chai yake yote.

Jumatatu, 28 Januari 2008
Siku tano sijatoka. Tangu uchaguzi mji haujatulia, na wiki hii umewaka. Moshi upande wa mitaa ya chini, barabara zimefungwa kwa mawe. Duka limefungwa. Tunaishi kwa unga na sukuma wiki ya mwenye ploti tunayopanga. Jirani wa nyumba ya pili ameondoka na godoro kichwani, hakusema anakwenda wapi.

Watu nje wanasema kila mmoja analipiza. Huyu alianza, yule alianza. Nimekaa kitandani nikiwasikiliza. Najua vizuri jinsi mtu anavyoongea akiwa ana sababu zake.

Njoro simu hazishiki.

Jumanne, 19 Februari 2008
Duka limefunguliwa nusu. Mama Tabitha yuko hai, yuko kwake. Ng'ombe wake wawili wameibwa kwenye fujo, wamebaki watatu.

Mzee Sohan anataka ushauri wangu. Desmond amekuja kumwomba kazi. Nyumba yake imechomwa, analala kwa kanisa na watoto. Mzee ananiuliza mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyedhulumiwa.

Nikasema hapana. Ilitoka haraka, kabla ya kufikiri. Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema anaelewa.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya duka. Nilitarajia kusikia raha. Haikuja.

Jumamosi, 8 Machi 2008
Nimemwambia Mama Tabitha.

Alikuwa akijaribu kukama kwa mkono wa kushoto. Maziwa yalikuwa yanaenda kwa sketi, si kwa ndoo. Nilisema niliikaza skrubu mimi, makusudi, kwa sababu ya Desmond. Sikuongeza sababu nyingine. Sina nyingine.

Aliacha kukama. Ng'ombe naye alisimama tu. Mwishowe akasema, "Mwambie Mzee mwenyewe. Mimi sitakusemea. Na Jumatatu saa kumi na moja asubuhi uwe hapa, kuna ng'ombe watatu."

Hakuniangalia.

Jumanne, 11 Machi 2008
Nimemwambia Mzee Sohan. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema yeye anauza kwa watu wanaomwamini, na mimi sitauza tena hapa. Daftari langu hatalitia sahihi. Chuoni maana yake ni kurudia mwaka mzima. Ametuma mtu amtafute Desmond pale kanisani.

Desmond bado ni mwizi. Bado namchukia, na huenda nitamchukia daima. Lakini koti lake atalivaa tena, na ni haki.

Mama yangu nyumbani hajajua. Nitamwambia Jumapili.

Jumapili, 13 Aprili 2008
Mwezi mmoja sasa. Nimepanga chumba Njoro, karibu na chuo. Naamka mapema, nafika kwa Mama Tabitha kabla hakujapambazuka vizuri. Nakama watatu, napeleka mkebe barabarani, narudi kuosha ndoo. Kila siku anakaa kwenye ngazi ya jikoni, ule mkono ndani ya leso. Anasema "huyu kwanza" au "polepole". Zaidi ya hapo hakuna.

Leo mvua imeanza nikiwa na wa mwisho. Nilipomaliza nilichukua sweta yangu niende. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nikasema bado.

Akasogea kidogo pale kwenye ngazi, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.