Mahindi Uliyoyapanda Katikati ya Mpunga

Rågsved, Stockholm
Machi, 1975

Mama yangu mpenzi,

Najua hakuna posta itakayokufikishia barua hii. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, nami sikuwahi kukuomba radhi kwa lile jambo la shambani. Nakuandikia hivyo hivyo.

Unaukumbuka mwaka niliotoka chuo cha kilimo, nikarudi Kilombero na viatu vipya na cheo cha bwana shamba? Mpunga wako ulikuwa umeanza kugeuka manjano, masuke yameinama, na maji ya mafuriko yameshaondoka majarubani. Nilikukuta katikati ya mistari unatoboa udongo kwa kijiti na kudondosha punje za mahindi, tatu tatu. Uliyotangulia kuyapanda yalikuwa yameshachomoza. Nyuma yangu walikuwapo wakulima kama kumi, nimewaleta niwaonyeshe kilimo cha kisasa. Nikaona haya, mama. Nilikuonea haya wewe.

"Mama, shamba moja, zao moja," nilisema kwa sauti ili wote wasikie. "Hayo mahindi yatanyonya chakula cha mpunga. Yang'oe."

Uliinuka ukajipangusa matope. "Mpunga umeshashiba, mwanangu. Hautaki kitu tena. Huu unyevu uliobaki, tukishavuna utakwenda bure na jua. Acha mahindi yaunywe."

"Yang'oe, mama. Bwana shamba ni mimi."

Ukayang'oa mbele ya watu wale, yote ya upande wa barabarani. Jaruba la nyuma, kule mtoni ambako mgeni hafiki, uliliacha. Nilijua, nikanyamaza. Siku ya kuvuna nilikusikia ukiwaambia wavunaji wapite mstari mmoja tu wasiikanyage miche. Mashamba ya wale niliowafundisha yalibaki udongo mkavu uliopasuka. Jaruba lako likatoa mahindi. Na ilipofika Februari, maghala ya jirani yakiwa matupu, sisi tulikula ugali. Mimi pia nilikula. Uliniwekea sahani mbele yangu, hukusema neno. Afadhali ungesema.

Sasa sikia yaliyonipata huku. Katika kozi ya kilimo niliyoletwa kusoma, kila mmoja alitakiwa aeleze njia ya kwao ya kupata mavuno zaidi katika ardhi ile ile. Wenzangu walizungumzia mbolea na matrekta. Nami nilikuwa na karatasi yangu ya mbolea mkononi, lakini zamu yangu ilipofika nikaikunja, nikaeleza jaruba lako. Mwalimu wetu, mama wa Kiswidi mwenye mvi aitwaye Gunilla (huku hata mwalimu unamwita jina lake tu, ungeshangaa), akaweka chaki chini.

"Anapanda siku ngapi kabla ya kuvuna mpunga?"

"Akiwahi mno, kivuli cha mpunga kinayadhoofisha mahindi," nikajibu. "Akichelewa, udongo unakauka."

"Naam. Lakini anaijuaje siku yenyewe?"

Nilikumbuka tu kwamba ulikuwa ukikandamiza udongo kwa kisigino, unatazama lile shimo, kisha unasema "Bado" au "Leo." Ulichokiona ndani ya shimo sikujua, kwa sababu miaka yote ile sikukuuliza.

Jioni ile ile nilimwandikia dada Salome. Majibu yake yalinifikia wakati theluji imefika magotini. "Shimo la kisigino lisijae maji," aliandika, "na udongo usigande kwenye ngozi. Mama alinifundisha, na mimi hupanda hivyo. Ila mwaka jana walikuja mabwana shamba wakaning'olea yote, hata ya jaruba la nyuma. Walisema wewe ndiye uliyewafundisha kazi kabla hujasafiri."

Nilisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Musoke, Mganda ninayekaa naye, aliyekimbia kwao na begi moja, aliniuliza kama nimefiwa. Nikamsomea barua yote.

Nikwambie na hili: wiki ile nilikuwa nimepewa nafasi ya kubaki miaka mitatu kwenye maabara ya mbegu hapa mjini. Kazi safi, ndani ya joto, na jina langu mlangoni. Nilikuwa nimeshaamua kukubali. Nilitaraji Musoke aseme kaa. Ningeweza kumlaumu yeye baadaye.

"Wewe uko na kwenu," akasema. "Mimi kwetu kumefungwa. Na wale watu wanang'oa mahindi kwa jina lako. Unangoja nini?"

Kesho yake nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi mjini, nikaikataa ile nafasi. Mkuu wa maabara alinitazama kama mgonjwa. Gunilla alinipa mkono, akasema niandike kila kitu, hata kisichofaulu.

Nitafika kabla masuke hayajageuka rangi. Nimeshachora majaruba manne: moja tutapanda siku atakayochagua Salome, moja mapema, moja tukichelewa, na la mwisho mpunga peke yake. Tutapima mpunga na mahindi yote. Kama utaalamu wangu unaikataa njia yako, basi uikatae mbele ya mizani, na si kwa sauti kubwa kama nilivyofanya mimi.

Nimekukumbuka sana majira haya ya baridi, mama, na kwa muda mrefu kukukumbuka kulikuwa kulia tu. Sasa hivi silii. Nina kazi ya kufanya.

Nitawaita wale wakulima, pamoja na mabwana shamba niliowafundisha mimi. Nitawaambia nilikosea, na kwamba mama yangu alinieleza ukweli nikamnyamazisha. Kisha nitakwenda kukaa chini pamoja nao, dada Salome atufundishe.

Pumzika, mama. Radhi yako nitaiomba kwa mikono hii, nikiwa matopeni.

Kitinda mimba wako