Tisa Iliyogeuka Sita

Mama mpendwa, magoti yanaendeleaje?

Nakuandikia kutoka hapa ufuoni Dunga. Mzee anayekaanga samaki alikuwa akibishana na wateja: “Bao tamu kuliko yote Kisumu lilifungwa na namba sita, na namba sita mwingine alikuwa ameketi benchi!”

“Mzee, ulikuwa umelewa!” mteja mmoja akamcheka.

Samaki aliniponyoka mkononi. Nikamwambia mfungaji alikuwa kaka yangu, marehemu Ouma, namba tisa, ila wewe ulimshonea namba ya jezi kichwa chini.

“Yawa! Miaka yote naitwa mwongo!” mzee akashangaa.

Mama, umejilaumu sana kwa kuwa bao lake liliandikiwa yule namba sita wa benchi. Kumbe kwa sababu ya ile namba, mtu asiyemjua bado anamtetea. Mzee anasema, “Nisalimie fundi wa jezi.”

Nakukumbatia,
Akinyi wako