Kukhu Hajakataa Wasifu Wake

Griffin,

Uji uko kwa thamosi, ni wa Mama. Nimeenda mochari na shangazi, Senge, kupeleka nguo za kumvisha nyanya yetu, Kukhu.

Hiyo diski ya Linux uliyotoa kwa kompyuta yetu iliyokufa ukaweka kwa hii ya Mjomba Waswa ni nzima. Zima kompyuta. Ukiiwasha, bonyeza F2 mfululizo, tafuta Boot Mode, toa UEFI weka Legacy, maana diski yetu inawaka kwa njia ya zamani, halafu F10 isevu. Nilijaribu ikawaka vizuri, nikairudisha ilivyokuwa ili uhangaike kidogo.

Kwa sababu asubuhi, skrini ilipoandika haioni diski, wewe mwanaume mzima ulimwambia Mama, "Labda Kukhu amekataa tusichapishe wasifu wake." Mama akalia mpaka majirani wakaja na nyimbo.

~~Pole nilikuita ng'ombe.~~ Ng'ombe angenyamaza.

Wasifu uchapishwe leo, kesho tunazika. Lakini kwanza futa pale umeandika wewe ndiye ulimtunza Kukhu. Weka Mama, aliyemwosha na kumlisha. Wewe ulikuja siku za kuku tu. Jina lako lipeleke kwa kamati ya chakula.

Dada yako mdogo,
Nasike