Fidla Yenye Kichwa cha Ng'ombe

Jumamosi, 4 Machi 1995
Uji umerudi jikoni kama ulivyokwenda. Nimewamwagia kuku. Baba kageukia ukuta tena. Kwaresma hii anafunga kuliko padri. Daktari anasema kiharusi kimechukua mkono na mguu wa kulia tu, tumbo halina tatizo. Basi ni moyo uliosusa. Asipokula nitamzika kabla mahindi hayajakomaa. Nimeandika. Afadhali karatasi iseme kuliko mimi.

Nimeishusha fidla kutoka juu ya kabati. Babu aliichonga mwenyewe kwa kisu alipokuwa fundi misheni, na mwisho wa shingo akaweka kichwa cha ng'ombe. Baba aliipiga kanisani hadi kwaya iliponunua kinanda cha umeme. Ubao wake wa juu umepasuka. Shingo inacheza. Nyuzi hakuna. Akiisikia pengine atataka kuishi. Wazo la kijinga. Sina lingine.

Jumanne, 7 Machi
Nimeipeleka Buzuruga kwa shemeji Masanja, mdogo wa mume wangu, fundi wa makochi. Hajawahi kugusa fidla. Kaigeuza, kaigonga kwa kidole. "Shemeji, hili si kabati. Niachie."

Gundi nyeupe ya dukani nimeikataa. Baba alikuwa akisema fidla ipakwe gundi inayoachia kwa maji ya moto, ili siku ikiumwa ifunguliwe tena. Masanja kasema atachemsha mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Zamani yalitupwa. Siku hizi yanasafirishwa ng'ambo, na wauzaji wanaringa.

Jumapili, 12 Machi
Mvua. Gundi haikauki. Nyumba ya Masanja inanuka samaki, mkewe kamtoa nje yeye na sufuria yake. Nywele za upinde wa kuipigia tumezipata Kisesa, kwenye mkia wa fahali wa mjomba. Fahali hakufurahi. Nyuzi tatu ni za gitaa, kutoka dukani mjini. Ya nne, ile nyembamba, Masanja kaichomoa kwenye waya wa breki ya baiskeli.

Nimecheka njia nzima hadi Butimba. Nyumbani nikakuta bakuli limejaa. Kicheko kikakatika.

Jumamosi, 18 Machi
Nimelia barabarani, watu wananitazama.

Masanja kamaliza. Na kwa mapenzi yake kaipiga msasa fidla nzima, kisha vanishi ya makochi, nzito, inang'aa hadi unajiona. Pembe moja ya ng'ombe ilivunjika tangu Baba akiwa mtoto. Kachonga mpya. Akasimama anangoja nishangilie. Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Nikampelekea Baba. Nikamwamkia, nikamwekea mapajani. Akaipapasa kwa mkono wa kushoto, polepole. Mgongo. Shingo. Kichwa. Pembe zote mbili. Akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Si yangu." Akageukia ukuta.

Nimemchukia Masanja. Nimejichukia zaidi mimi.

Jumanne, 21 Machi
Tangu jana ni maji tu. Mashavu yameingia ndani. Nimembembeleza, nimemtisha, nimempigia magoti. Hakuna.

Jioni hasira zikanipanda. Nikakaa sebuleni, nikaiweka fidla begani kama nilivyokuwa nikimwona yeye. Sijawahi kujifunza. Nikaanza kuukwaruza wimbo wa sadaka anaoupenda. Balaa tupu. Mbwa wa jirani akajibu.

Kuta zetu hazifiki paani. Mara sauti kutoka chumbani: "Chini!" Nikaacha. "Kidole! Kishushe!" Nikakishusha. "Si hicho, mjinga wewe!"

Hajasema maneno mengi hivyo tangu augue. Nikaendelea kukwaruza, machozi yananitiririka hadi kwenye ile vanishi. Alinitukana mpaka pumzi ikamwishia. Akaomba uji, apate nguvu za kuendelea.

Jumapili, 26 Machi
Baba anakula. Si kwa kunionea huruma. Anakula ili afundishe. Kila jioni natukanwa: mkono wangu ni gogo, masikio yangu ni mapambo. Mimi, mwalimu wa watu, mama wa watu. Sijawahi kufurahia matusi kiasi hiki.

Masanja alikuja baada ya misa, kainamisha kichwa. Baba akamwambia vanishi imeiziba pua fidla, aikwangue yote. Masanja akaitikia tu, "Ndiyo, baba." Kisha Baba akasema, "Ila gundi. Gundi ni nzuri." Masanja kaondoka kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Juzi asubuhi kasusa uji. Nikapiga vibaya kwa makusudi. Bakuli likaisha.

Ijumaa, 31 Machi
Mvua imekatika. Jioni nimeupiga wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Nikangoja tusi. Chumbani kimya. Nikaupiga tena. Kimya. Nikaiweka fidla kwenye kochi, nikaenda hadi mlangoni, mkono ukakataa kusogeza pazia.

Kisha nikasikia kijiko kikigusa bakuli.

Alikuwa ameinuka mwenyewe, ameketi ukingoni mwa kitanda, anakula kwa mkono wa kushoto. Uji umemwagikia kifuani. Hakunitazama. Nikarudi sebuleni, nikaendelea kupiga.