Chuo Kilichogawiwa Machame

Brampton, 7 Machi 2010

Shemeji Dorotea,

Salamu kutoka kwangu na kwa mama Japhet. Sisi wazima, mafua tu ya baridi hii. Wewe unaendeleaje hapo peke yako? Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu unakata.

Nimerudi juzi kutoka Machame. Kikao cha ukoo cha kugawa vitu vya marehemu mdogo wangu Elinaza kimekwenda vizuri. Saa amepewa baba mdogo. Lile koti la baridi nililolichukua kwako siku za msiba amepewa mwanangu Japhet, na ndiye aliyetajwa kushika nafasi ya marehemu. Tena, kwa kuwa serikali ya huku ng'ambo inasomesha watu wa askari aliyefia vitani, wazee wamesema masomo hayo nayo ni ya Japhet. Anataka kuingia chuo Septemba. Pombe ya mbege imeshanywewa juu ya neno hilo, halirudi nyuma.

Nenda basi kwa wale wa idara ya askari wastaafu, waandike jina lake.

Shemeji yako,
Bernard


Flemingdon Park, 14 Machi 2010

Shemeji Bernard,

Shikamoo. Pole na safari. Mimi mzima, nakula kidogo, kazini naenda.

Barua yako niliisoma ndani ya basi la Don Mills nikapitiliza kituo changu. Shemeji, nimekasirika. Nimejaribu kutafuta neno la adabu zaidi sikulipata.

Chuo si koti. Hakikutundikwa msumarini hapa kwangu mkakitoa. Yule mama wa idarani, Sultana, alinikalisha akanieleza polepole: wanamlipia mjane, au mtoto wa marehemu. Mtoto mimi na Elinaza hatukujaliwa. Nimebaki mimi.

Na mimi nataka kusoma. Ulikuwa hulijui hilo? Elinaza alilijua. Asubuhi alikuwa ananiwekea viatu juu ya hita ili nikienda kusafisha maofisi nisivae vya baridi. Tukimenya ndizi alikuwa anaushika mkono wangu wenye utomvu, ananiuliza mifupa ya vidole kwa Kiingereza. Nikikosea anacheka, "Nesi gani wewe, mgonjwa ameshakufa!" Tulikubaliana akitoka jeshini naanza mimi uuguzi, halafu yeye.

Mlipokaa kikao, hakuna hata mmoja aliyesema tumuulize mkewe?

Shemeji yako,
Dorotea


Brampton, 22 Machi 2010

Shemeji,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo, ingawa barua yako haikuwa ya mtu mzima wa afya.

Unasema mtoto hamna. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto. Japhet alimwita Elinaza baba maisha yake yote, nami nikifa leo watu watasema amefiwa na baba wa pili. Kwa hiyo waambie Wazungu hao kwamba marehemu ana mtoto wa kiume, anaitwa Japhet. Hutakuwa umesema uongo. Weka sahihi, basi.

Au umesahau nani aliwapokea uwanja wa ndege? Nani aliwapa chumba cha chini, mwaka mzima, bila kodi? Nimeshasimama mbele ya wazee nikaahidi. Sasa nirudi nikawaambie mwanamke amekataa? Kesho utaolewa na mwingine, na huyo mwingine atakula mshahara wa nesi uliotokana na damu ya mdogo wangu.

Fikiri vizuri.

Bernard


Flemingdon Park, 28 Machi 2010

Shemeji Bernard,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Damu ya mdogo wako unaitaja wewe? Kumbuka Pasaka ile nyumbani kwako, mmejaa wageni wa kanisani. Elinaza alikuwa ameshika sahani, hajakaa bado. Ukasema kwa sauti, "Huyu bwana kwa wali hana mpinzani, kazi ndiyo hajaiona." Watu wakacheka. Na mimi nilitabasamu, kwa aibu. Akairudisha sahani jikoni, akaifunika na nyingine vizuri, kama anayemwekea mtu. Jumanne akaenda kujiandikisha jeshi.

Sikuwahi kulisema hili. Hata siku uliyolia juu ya jeneza sikulisema.

Japhet ni mwana wa Elinaza kule Machame, nami sikatai. Hapa akikaguliwa atafukuzwa chuo na mimi nitashtakiwa, na wewe utakuwa Brampton unaahidi kitu kingine. Siweki sahihi. Nimeshapeleka jina langu. Naanza Septemba.

Nataka kitu kimoja tu kutoka kwenu. Nirudishieni koti. Nakuomba sana, msilifue.

Dorotea


Flemingdon Park, 2 Juni 2013

Shemeji Bernard,

Shikamoo. Miaka mitatu hukunijibu, na kanisani unakaa upande wa pili. Nasikia sukari inakusumbua. Punguza soda, na viatu vya kubana acha. Hayo nakuambia kama nesi.

Jana Japhet alikuja. Amerefuka kukupita. Anajilipia masomo ya umeme kwa kazi ya ghala, na hilo unalijua. Alisimama mlangoni na mfuko mkononi akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hakuomba chuo wala koti, mlimpa tu. Halafu kwa Kiswahili, "Samahani, mama." Nikampikia. Alikula sahani mbili, nikamwongeza ya tatu.

Alipoondoka nikalitoa koti kwenye ule mfuko. Linanuka sabuni ya maua. Nilinusa kola, nikanusa kwapa, nikageuza mifuko nje. Hakuna kitu. Japhet aliniambia lilifuliwa siku ile ile lilipofika kutoka Machame, kabla hata sijaandika. Kwa hiyo nilikuwa nakuomba kitu ambacho mlishakimwaga na maji, na wewe ukaona heri unyamaze.

Mahafali yangu ni Ijumaa ijayo. Kila mhitimu amepewa viti viwili vya wageni. Kimoja nimempa Japhet, maana ni mwana wa Elinaza.

Kwenye cha pili nitaweka koti.

Mke wa mdogo wako,
Dorotea